Kuchovya upya, kupiga slivu au kununua silinda nyingine? Kufungua sehemu ya juu ya injini ya tu-stroki nyumbani

Pistoni niliyoagiza ilifika Arusha kabla sijafungua injini. Nilikuwa nimekesha kwenye katalogi, nikachagua pistoni ya kufua (ya metali iliyokandamizwa, si ya kumiminwa) ya kipimo cha kawaida, nikajiona fundi. Nilipokuja kuinua silinda ya YZ125, pikipiki ya motokrosi ya mpwa wangu, ukutani upande wa egzosi kulikuwa na mchirizi mrefu ambao ukucha ulizama ndani yake. Pistoni ikarudi kwenye boksi lake na kukaa kabatini miezi minne.

Pembeni ya hiyo YZ ilikuwapo DT125 ya zamani, tuliyoipata mnadani kutoka kwenye mradi wa kilimo, kadi yake imefifia hata mwaka hausomeki. Zote mbili ni Yamaha, zote tu-stroki, zote zinaitwa cc 125. Ukizifungua unakuta ni watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Dawa ya hii ikitumika kwa ile inaua. Kwa hiyo sitaanza na pistoni ipi ni bora, ingawa ndilo swali ninaloulizwa kila mara. Nitaanza na ukuta wa silinda, kwa sababu huo ndio unaoamua utatumia pesa kiasi gani.

Umeshika silinda gani?

DT125 ya kupozwa na upepo ina tundu la milimita 56 na mwendo wa pistoni wa milimita 50, yaani cc 123. Ndani ya aluminiamu ya silinda yake kumekaa slivu, yaani mrija wa chuma ambamo pistoni inateleza. Slivu ikichakaa unaichonga na kuweka pistoni iliyozidi robo milimita. Safari ya pili nusu, ya tatu 0.75, ya nne milimita nzima. Ukifika huko tundu limekuwa 57 na injini yako ina karibu cc 128. Mafundi wa zamani waliozitunza pikipiki za mabwana shamba na za miradi, zile AG100 na DT za Yamaha na TF125 za Suzuki, wanaijua hesabu hii usingizini.

YZ125 tuliyo nayo ina tundu la milimita 54 na mwendo wa 54.5, cc 124, na inapozwa na maji. Slivu haina. Ukuta wake ni aluminiamu iliyochovywa tabaka la nikeli lenye chembe za silikoni kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma chochote cha slivu. Jina lililozoeleka ni Nikasil, na ni la kampuni ya Mahle ya Ujerumani, iliyolibuni miaka ya 1960 kwa ajili ya injini za Wankel. Tabaka lenyewe halizidi sana sehemu ya kumi ya milimita. Ukilichonga umelimaliza, chini yake ni aluminiamu laini, na ringi zitaila kama panya na mahindi.

Kutofautisha ni rahisi. Tazama mdomo wa juu wa silinda: slivu ya chuma inaonyesha duara la metali mbili, kijivu cheusi ndani na aluminiamu nje. Kisha shusha sumaku ndani. Kwenye slivu inang'ang'ania mpaka uivute. Kwenye silinda ya kuchovya inashika kidogo mno au haishiki kabisa. Fanya hivi hata kama unajua pikipiki yako ilitoka kiwandani na silinda ya kuchovya, maana zilizopita mikononi mwa watu wengi huwa zimeshapigwa slivu na hakuna aliyeandika popote.

Kabla hujamlaumu pistoni

Dalili zinajulikana: kiki inakuwa nyepesi, inawaka kwa shida ikiwa baridi, nguvu ya chini inapotea, na kuna mlio wa kugonga unaopungua injini ikipata moto. Geji ya kompresheni inasaidia, lakini soma namba yake kwa akili. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Injini ambayo Dar ingeonyesha psi 180 hapa itaonyesha kama 150, na Nairobi, kwenye karibu mita 1,800, itashuka tena. Nimeshamsikia kijana akishauriwa anunue silinda kwa sababu "namba iko chini", wakati namba ile ilikuwa ya Mlima Meru, si ya ugonjwa. Pima injini ikiwa imetoka kutengenezwa, gesi imefunguliwa yote, piga kiki hadi mshale ukome kupanda, andika. Hiyo ndiyo mizani yako ya baadaye.

Jambo la pili ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Silinda ikishatoka, shika konrodi, weka kranki juu kabisa, kisha ivute juu na kuisukuma chini. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida. Kucheza juu na chini, hata kwa kiasi unachokihisi tu kwenye vidole, kunamaanisha beringi ya chini imekwenda, na fedha yoyote utakayoweka juu unaitupa. Hapo makala haya hayakuhusu tena; funga kila kitu kwenye boksi na uanze kutafuta mtu mwenye mashine ya kukandamiza kranki.

Mchirizi wa uongo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotupa silinda nzima.

Pistoni ya aluminiamu ikikamata kwenye ukuta wa Nikasil, mara nyingi inayoumia ni pistoni. Inaacha nyama yake imebandikwa ukutani kwa michirizi mirefu ya rangi ya fedha. Kwa macho ni kama silinda imechimbwa. Ukweli unaweza kuwa kinyume: kuna kitu kimeongezwa, hakijapunguzwa. Pitisha ukucha kwa upole. Ukipanda, ni mabaki ya pistoni. Ukizama, ni tabaka lililochimbika.

Mabaki yanaondolewa kwa asidi ya hidrokloriki, ile ya kusafishia sakafu, kwa sababu inakula aluminiamu na kuiacha Nikasil. Chovya kijiti chenye pamba, gusa mabaki tu, subiri povu litulie, futa, rudia. Fanyia nje penye upepo, vaa glavu na miwani, na uwe na maji ya magadi pembeni ya kuizimia. Angalizo kubwa: asidi hiyohiyo inakula aluminiamu ya silinda yenyewe. Usiiache itiririke kwenye milango ya gesi, yale matundu ya ukutani, na kama povu linaendelea kutoka mahali pamoja bila kukoma, acha mara moja, maana umeshafika kwenye aluminiamu ya chini, na tabaka pale halipo. Kwa slivu ya chuma usitumie asidi hata tone. Kwake ni msasa na subira.

Ukimaliza, sugua kwa kitambaa kigumu cha kusugulia au brashi ya vipira vya kusagia, mizunguko michache tu, ili ukuta upate mikwaruzo myembamba ya kushikilia oili. Mawe magumu ya kuchongea weka mbali kabisa na Nikasil. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Watu huosha kwa petroli na kuridhika. Petroli inaacha unga wa kusagia palepale kwenye vinyweleo.

Njia nne, na ninavyozipima

Kwa silinda ya kuchovya iliyofunguliwa mezani kuna njia nne. Kwanza ziangalie kwa pamoja:

| Njia | Inafaa lini | Kazi inafanyika wapi | Ikiharibika tena |
|---|---|---|---|
| Kubaki na silinda ileile | Tabaka zima, vipimo ndani ya kitabu | Nyumbani | Unachagua upya |
| Kuchovya upya | Tabaka limechimbika au kumenyeka, umbo la silinda ni zima | Ughaibuni | Inachovywa tena |
| Kupiga slivu | Hutaki kusafirisha, unapanda njia za kawaida | Karakana ya mashine mjini | Inachongwa kwa kipimo cha juu |
| Silinda nyingine | Imepasuka, au mlango umevunjika | Dukani, kwa oda | Unaanza upya |

Njia ya kwanza ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ukuta wa Nikasil unaweza kumaliza pistoni nyingi ukitunzwa chujio la hewa. Nimeona silinda yenye alama za kiwandani bado zinaonekana, mwenyewe akiuliza bei ya slivu. Kama vipimo viko sawa, nunua pistoni inayolingana na herufi au namba iliyogongwa kwenye silinda, kwa sababu watengenezaji huzigawa silinda hizi kwa madaraja yanayopishana sehemu za mia za milimita, na funga kazi.

Kuchovya upya ndiko kunakoirudisha silinda kwenye asili yake. Karakana za kazi hiyo ziko mbali: Millennium Technologies ya Wisconsin kule Marekani na Langcourt ya Uingereza ni majina yanayojulikana kwa wapanda motokrosi. Wanaondoa tabaka la zamani, wanachomelea palipochimbika, wanachovya, kisha wanasugua hadi kipimo cha pistoni utakayowapelekea. Nguvu na upozaji vinabaki kama vilivyokusudiwa. Tatizo ni safari. Unalipa kwenda, unalipa kurudi, unasubiri wiki nyingi, na usipobeba karatasi zinazoonyesha kwamba silinda ilitoka nchini kwa matengenezo, forodha inaweza kuihesabu kama bidhaa mpya. Kabla ya kutuma, omba bei ya silinda mpya na uziweke bei hizo mbili kwenye karatasi moja. Kuna pikipiki ambazo tofauti yake ni ndogo kuliko usumbufu.

Slivu ina maadui wengi, na wengine wana haki. Aluminiamu inapopata moto hutanuka takribani mara mbili ya chuma. Silinda inatanuka, slivu iliyo ndani inachelewa, na mgusano kati yao unalegea palepale ambapo joto linatakiwa kupita. Slivu iliyobanwa vibaya hatimaye inashuka au inazunguka, na ikizunguka milango inafungwa. Ndiyo maana silinda hupashwa moto kwenye oveni hadi karibu nyuzi 200 ndipo slivu idondoshwe, si kugongwa kwa nyundo.

Tatizo kubwa zaidi ni milango. Injini ya mipigo miwili haina valvu kichwani. Muda wa kila kitu umeandikwa kwenye urefu wa matundu ya ukutani. Fundi akiyakata milimita moja juu au chini, amekubadilishia injini. Na kingo za matundu hayo lazima zilainishwe, maana ringi inachungulia nje kidogo kila inapopita. Silinda ya kwanza niliyopeleka kupigwa slivu, kwenye karakana ambayo sitaitaja, ilirudi ikiwa imechongwa vizuri sana kwa ndani na kingo zikiwa kali kama wembe. Ringi ilidumu dakika chache. Nusu ya kosa lile ni langu, kwa kuwa nilipitisha kidole, nikahisi ukali, nikajisemea fundi anajua. Tangu siku hiyo natembea na kipande cha msasa namba 400 na sioni haya kumaliza kazi mwenyewe.

Kama injini ina pawa valvu, yaani bamba linalobadilisha urefu wa mlango wa egzosi, slivu inataka uangalifu mara mbili: bamba la valvu lisiguse slivu wala pistoni, kwa hiyo fundi lazima apelekewe na valvu zenyewe, si silinda tupu.

Pamoja na hayo yote, bado naitetea slivu kwa mtu mmoja: anayepanda barabara za vumbi za Monduli au Karatu mwisho wa wiki, hana mbio zozote, na anataka fundi wa mjini aweze kumchongea safari ijayo. Unapoteza nguvu kidogo huko juu, unapata silinda inayorekebishika hapahapa. Kwa mtoto anayejiandaa kwenda kushindana Jamhuri, Nairobi, au Busiika kule Uganda, sitamshauri.

Silinda nyingine nitaipitia haraka. Ya kiwandani haina hadithi, ukiweza bei yake. Athena ya Italia na Cylinder Works ya Marekani huuza seti zenye silinda, pistoni na gasketi pamoja. Zipo za tundu kubwa pia. YZ125 ikipewa tundu la milimita 58 kwa mwendo uleule inakuwa cc 144, na tofauti unaihisi kabla hujabadilisha gia ya pili. Ila waulize waandaaji wa mbio kwanza kama wataipokea kwenye daraja la 125, na ujue jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) na hedi vinaweza kudai kubadilishwa. Silinda iliyotumika kutoka mtandaoni? Picha ya mchirizi haionyeshi kama ukucha unazama.

Pistoni: ya kusubu au ya kufua

Sasa tunaweza kulijibu swali la wengi.

Pistoni ya kusubu ni aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ikiwa na silikoni nyingi. Silikoni inaizuia kutanuka sana, kwa hiyo inakaa karibu na ukuta, haigongi ikiwa baridi, na ringi zinatulia vizuri. Ya kufua imekandamizwa kwa mashine nzito kama mhunzi anavyofua jembe. Metali yake imeshikamana, haivunjiki ovyo. Lakini inatanuka zaidi, kwa hiyo inapewa nafasi kubwa zaidi. Kwa injini za ukubwa huu utaona ya kusubu ikiomba nafasi ya kama 0.04 hadi 0.05 ya milimita, na ya kufua ikiongeza sehemu moja au mbili za mia za milimita juu yake. Hizo si namba za kukariri. Karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo sheria.

Tofauti inayoumiza ni namna zinavyokufa. Ya kusubu ikichakaa na kuachwa, sketi yake, yaani ukuta wake wa chini, inapasuka. Vipande vinaangukia kwenye kranki, na ulichoogopa kutumia juu unakitumia mara tano chini. Ya kufua ikichakaa inalegea na kupiga kelele, inakupa muda wa kusikia. Lakini ukiiwasha asubuhi ya baridi ya Arusha mwezi Julai na kuifungulia gesi kabla joto halijafika kwenye silinda, inatanuka kabla ya ukuta kutanuka. Utaifungua na kukuta michubuko minne, kama miguu ya meza, kwenye pembe nne za sketi. Huo ni ugonjwa wa haraka ya mpandaji, na hakuna duka litakalokurudishia pesa.

Kwa hiyo mimi nachagua kwa tabia ya mpandaji. Mtu mvumilivu anayehesabu saa zake na kubadilisha mapema, mpe ya kusubu. Vertex ya Italia na ProX wanazo, na hata kiwandani pistoni nyingi za mbio ni za kusubu. Mtu anayejua kwamba atapitiliza saa, lakini anaweza kuisubiri injini ipate joto, mpe ya kufua. Wiseco ya Ohio na Wössner ya Ujerumani ndio wanaotajwa. Mtu asiyehesabu saa na asiyesubiri joto, mnunulie Boxer ya bodaboda.

Na ringi peke yake? Kwa DT, ikiwa pistoni imepimwa na iko ndani ya kipimo, inakubalika, nami nimefanya. Kwa YZ ni ubahili unaojificha. Injini inayozunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika haichoki ringi tu.

Kipi cha nyumbani, kipi cha karakana

Kufungua, kusafisha, kupima na kufunga ni kazi ya nyumbani. Hata mezani jikoni, mama mwenye nyumba akiridhia. Kuchonga na kupiga slivu si vya nyumbani, na usimruhusu mtu akuchongee kwa mkono wa drili.

Kinachotenganisha mtu wa nyumbani na fundi wa kubahatisha ni mikromita. Pistoni inapimwa kwenye sketi, upande ulio pembe mraba na pini, kwa urefu aliotaja mtengenezaji, kwa sababu pistoni si duara kamili wala si nyoofu kutoka juu hadi chini. Silinda inapimwa juu, kati na chini, mbele-nyuma kisha kushoto-kulia, kwa geji ya saa. Venia ya dukani haioni sehemu ya mia ya milimita, hata ikiandika. Kama huna geji, mlipe mwenye karakana akupimie mbele yako na uandike mwenyewe. Nafasi ya ncha za ringi unaipima kwa fila geji, ringi ikiwa imesukumwa ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa.

Kwa DT ya slivu, mpangilio ni huu na usiupindue: pima, amua kipimo cha juu, pata pistoni mkononi, ndipo upeleke silinda ichongwe kuifuata pistoni hiyo. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 zinaweza kutofautiana kiasi cha kukuharibia kazi.

Kufunga, kwa ufupi

Ziba mdomo wa kranki kwa kitambaa kisafi kabla hujagusa saklipu, vile viwaya vinavyoshikilia pini ya pistoni, maana huwa zinaruka, na zinarukia palepale. Zile za zamani tupa. Mdomo wa saklipu mpya uangalie juu au chini, usiangalie pembeni. Mshale wa pistoni uelekee egzosi. Ncha za ringi zikumbatie kile kipini kidogo kwenye mfereji wake. Silinda ikigoma kushuka, usiigonge, inua uangalie ringi. Beringi ya sindano ipate oili ya tu-stroki, na pini mpya iende na pistoni mpya. Gasketi zote mpya. Nati za hedi zikazwe kwa msalaba, kwa hatua, kwa spana ya torki.

Kisha washa, iache ipate joto bila kuitesa, zima, ipoe kabisa. Rudia mara mbili tatu. Ndipo upande taratibu.

Jeti za Arusha zikishuka pwani

Hili ndilo lililoua pistoni ya kwanza ya mpwa wangu, na nisingelitaja kama ningeamini kila mtu anaangalia. Kabureta yetu ilikuwa imepangwa kwa hewa nyepesi ya Arusha, jeti kuu ndogo. Mpwa aliibeba pikipiki kwa gari hadi Tanga likizo, akapanda ufukweni gesi yote. Hewa ya pwani ni nzito. Jeti ileile inaleta petroli ileile kwa hewa nyingi zaidi, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na kwa tu-stroki petroli ndiyo inayobeba oili. Ikakamata. Jeti kuu mbili tatu kwenye mkebe wa dawa za kikohozi zingetosha kuzuia yote haya.

Mchanganyiko wa oili wenyewe ni mabishano ya vijiweni. Kitabu cha YZ kinasema 30 kwa 1, yaani mililita 167 kwa lita tano za petroli. Nafuata kitabu. DT ina pampu yake ya oili, kazi yako ni kuhakikisha tangi lake halikauki na mpira haujaingiwa hewa.

Angalia pia sili za kranki. Ya upande wa sumaku ikivuja, inanyonya hewa na kukausha mchanganyiko kama jeti ndogo. Ya upande wa klachi inanyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe. Ukiweka pistoni mpya juu ya sili inayovuja, utarudi mezani mwezi uleule.

DT yetu ilichongwa 0.50 na fundi mzee ambaye alinipigia simu kuniambia, "Kijana, pistoni yako imekuja bila saklipu, leta kwanza ndipo nianze." Niliipenda karakana hiyo hapohapo. Inaamka kwa kiki ya pili na sina cha kuongeza.

YZ niliipigia hesabu ya slivu, ya silinda mpya na ya kuchovya, wiki mbili nzima. Mpwa anataka kushindana, kwa hiyo slivu iliondoka. Silinda mpya ilizidi kuchovya kwa kiasi ambacho kingenunua tairi mbili. Nikaifunga silinda kwenye maboksi mawili ya kadibodi, na kwa kuwa wachovyaji hutaka pistoni ili wasugue ukuta kwa kipimo chake, nikafungua kabati. Ile pistoni ya kufua, iliyokaa miezi minne ikinisuta, ikapanda ndege pamoja nayo.